Mabote ya Namba Arobaini na Nne

Kama kazi yako ni kukanyaga ndizi, ao kuosha mapipa ya divai, ao kusimama ndani ya maji siku nzima unajaza chupa, vua kiatu sasa hivi uangalie mguu wako. Usiseme utaangalia ukifika nyumbani. Mimi nilisema hivyo kiangazi kizima, na leo nina vidole vitano tu vya miguu, vyote vya upande wa kuume. Siandiki ili mnihurumie. Huruma nimepewa nyingi, hata na watu ambao sikutaka wanisalimie. Ninaandika kwa sababu nilikuwa mjinga, na mjinga mwenzangu yuko mahali fulani hapa Uvira, Kavimvira ao Kalundu, anaingiza mguu ndani ya bote ambalo si lake.

Watu wa mtaa wa Rugenge wananiita Mama Riziki. Kukanyaga nilifundishwa na mama yangu kule Kiliba, kabla hata sijaota maziwa. Ndizi za kasiksi, pombe yetu ya ndizi, zikishaiva, unazimenya, unazimwaga ndani ya mtumbwi mkuukuu ambao wavuvi wameukataa, unachanganya na nyasi kavu, kisha unaingia na miguu mitupu. Nyasi ndizo zinazoshika nyama ya ndizi, maji yake yanatoka safi. Mkanyagaji anaosha miguu na maji ya moto na sabuni, hapaki mafuta, havai kiatu asubuhi ile. Mimi nilikuwa hodari. Wanawake wa soko walikuwa wakionja kasiksi yangu wanaangalia chini, wanasema, "Hii miguu iko na sukari." Nilipenda sana kusikia hivyo, sitadanganya.

Halafu patroni, tajiri aliyetuajiri, akafungua kiwanda chake. Kiwanda! Hangari moja ya mabati, mitumbwi mitatu, mapipa ya bluu, na chupa zenye karatasi nzuri iliyochorwa mashada ya zabibu, tunda ambalo yeye mwenyewe hajawahi kulipanda wala kulichuma. Ndani mlikuwa na ndizi zetu za Ruzizi, zilizokaa na chachu na sukari hadi zikawa divai. Patroni alikuwa analitamka neno hilo puani kama amezaliwa ng'ambo. Shati lake lilikuwa linakaa ndani ya suruali hata siku za jua kali, na katika miaka yote niliyomfanyia kazi sikumwona akikanyaga sakafu ile ikiwa na maji. Alikuwa anasimama mlangoni, penye pakavu, anatuonyesha kwa kidole mahali pachafu.

Sakafu ilikuwa na maji sikuzote. Asubuhi tunakanyaga, mchana tunaosha mapipa na chupa kwa dawa kali ya unga mweupe, ile inayokula ngozi. Mwenzetu mmoja ikammwagikia mguuni, ngozi ikanyanyuka. Ndipo wageni wa shirika moja walipokuja kutazama, wakasema wafanyakazi wote, hata wakanyagaji, wavae mabote ya mpira yenye chuma kwenye pua kutwa nzima. Patroni akaitika kwa kichwa mara nyingi. Aliwanunua wote kwa kuitika kwa kichwa.

Mabote yalifika mwanzoni mwa kiangazi. Hakuna aliyetuuliza tunavaa namba gani. Yote yalikuwa arobaini na nne.

"Patroni," nikamwambia, "hii iko kubwa. Minye navaa thelathini na nane."

"Mama Riziki, muguu kubwa inaingia, muguu kidogo inaingia. Hakuna mwenye anabakia inje." Akacheka, akafurahia akili yake. "Weka kitu mbele."

Basi tukaweka. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu kosa hili ni la sisi wakanyagaji, mtu mwingine hawezi kulifanya. Tuliweka nyasi. Zile zile za kukamulia, zilizokuwa zimelundikwa pembeni. Kwetu nyasi zile ni kitu safi. Zinachuja divai, zitashindwaje kutunza mguu? Hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Nilijaza konzi mbili mbele na moja kwenye kisigino, bote likashika. Tukapangwa mstari, tukapigwa foto, wageni wakaenda zao.

Tena niliringa. Huu ndio ukweli unaoniuma kuliko kisu cha dokta. Wengine waliacha mabote kazini, mimi nilitoka nayo. Nilikwenda nayo sokoni, nikapita nayo barabara kubwa ya Rugenge, koplokoplo, ili waone Mama Riziki anafanya kazi ya kiwanda. Kiangazi, vumbi limejaa mpaka machoni, na mimi ndani ya mpira kama mtu anayengojea mafuriko. Mwanamke mmoja muuza dagaa akaniuliza kama ninakwenda vitani. Nikamwona ana wivu.

Maji ya dawa yalikuwa yanaingia kwa juu, kwa sababu mdomo wa bote lile ungeweza kumeza miguu yangu miwili. Yakiingia, nyasi zinayanywa. Sikuzitoa. Nilikuwa naongeza kavu juu ya zilizolowa, najisifu kwa usafi. Baada ya majuma matatu kidole kikubwa cha kushoto kikafanya lengelenge, likapasuka. Nikamimina kasiksi ndani ya bote, maana kila mtu anajua pombe inaosha kidonda. Kila mtu! Ningependa kumwona huyo kila mtu leo, nimwonyeshe mguu.

Papa Riziki, bwana yangu, akasema mezani, "Bibi, muguu yako iko nanuka."

"Njo harufu ya chakula yako hiyo," nikamjibu. "Kula."

Kisha maumivu yakaisha. Nilifurahi, ole wangu. Niliwaambia wenzangu kidonda kimepona, sisikii kitu tena, hata ukinifinya. Siku moja ya posho, tukimaliza kuosha, nikavuta mguu kutoka ndani ya bote na nyasi zikaja pamoja nao, na ngozi ya vidole ikaja pamoja na nyasi, taratibu tu, kama ganda la ndizi iliyoiva sana. Chini yake vidole viwili vilikuwa na rangi ya zambarau inayokwenda kwenye weusi. Niliviangalia muda mrefu. Halafu unajua nilifanya nini? Nilibadilisha nyasi. Nikafanya kazi siku nne zingine.

Nyumbani ugonjwa wangu ukawa mali ya kila mtu. Mamamkwe, ambaye anakaa kwetu na anapenda maombi kuliko kufagia, akatangaza kwamba Mungu anaikata miguu inayokanyaga pombe. Alitangaza akiwa na sahani ya samaki mikononi, samaki aliyenunuliwa na miguu hiyo hiyo. Alimaliza sahani, akalamba vidole vyake. Vilikuwepo vyote. Papa Riziki yeye alipata dawa kwa rafiki yake mmoja, unga mweusi, akanipaka mwenyewe kwa upole sana. Ulikuwa ni unga wa ndani ya betri za redio. Mwanaume mzima, fundi wa kupiga mabati, anayepima nyumba za watu kwa kamba na haachi hata upana wa msumari, alichukua betri akamwekea bibi yake ndani ya nyama.

Homa ilinikamata siku ya pili yake. Jirani akanibeba na pikipiki hadi hopitali, bote moja mguuni, mguu mwingine umefungwa ndani ya kitenge, nikalazwa.

Ninaijua benchi ile ya hopitali kuliko ninavyojua kitanda changu. Ni ya mbao, imelegea upande wa kushoto, ukikaa peke yako inakuinamisha. Unafika asubuhi, ukitoka nyumbani ao wodini, unaweka fishi yako, karatasi ya matibabu, juu ya zingine, unangoja uitwe kwa pansema, yaani kusafishwa kidonda na kufungwa upya. Watu wanakaa mbali kidogo na wewe, halafu mbali zaidi, kwa ajili ya harufu. Wanajifanya wanatafuta hewa. Hata mama aliyekuwa na mtoto anayetapika alihama. Nikajifunza kuwaangalia machoni mpaka wao ndio waone haya.

Aliyenifunga pansema alikuwa muuguzi, enfirmiye mmoja, Mama Zawadi, mwanamke mnene asiyecheka hovyo. Siku ya kwanza alitoa nyasi ndani ya kidonda kwa kibanio, moja moja, akazipanga juu ya sahani ya chuma. Hakuniuliza kitu mpaka alipomaliza.

"Hizi ni majani ya nini?"

"Ya divai."

Akaenda kuzimwaga. Siku zote zilizofuata alikuwa anapasha maji moto kabla ya kuniosha, ingawa hakuna aliyemwambia, na makaa yalikuwa yake. Mtu akinitajia wema, ninafikiria maji yale.

Dokta alikuwa kijana, anaongea haraka, na aliongea na Papa Riziki bila kuniangalia, kana kwamba mguu ni wa Papa Riziki. Akachukua biki ya bluu, akachora mstari kuzunguka mguu wangu, chini kidogo ya kifundo. Akasema vidole vitano vimekufa, vikitolewa sasa pamoja na kipande cha mbele, mguu unabaki. Tukingoja na weusi ukavuka mstari, atakata chini ya goti. Akaweka karatasi ya kutia sahihi.

Papa Riziki akaishika karatasi kwa mikono miwili. "Bibi bila vidole atatembea namna gani?" akauliza.

"Bila muguu atatembea namna gani?" dokta akamrudishia.

"Nitauliza kwanza familia."

Akaenda kuuliza familia. Siku tano! Familia yenyewe ni mama yake, yuko kwetu Rugenge, ukitoka hopitali unafika kabla jasho halijakushuka. Baadaye nilisikia mamamkwe alikuwa amewaita watu wa maombi, wamefunga kula, wameona katika ndoto mguu wangu mzima unacheza. Mguu wangu unacheza kwenye ndoto za watu ambao hawakuja hata kuuona.

Lakini nisiwatukane wao peke yao. Mimi pia sikutaka. Mkanyagaji bila vidole ni nani? Vidole ndivyo vinavyoshika, ndivyo vinavyojua ndizi imelainika ao bado. Kila asubuhi nilifungua kitambaa niangalie ule mstari. Siku ya kwanza weusi ulikuwa mbali. Siku ya tatu umesogea. Siku ya nne kati ya weusi na mstari paliweza kuingia vidole viwili vya mkono, siku ya tano kimoja.

Kwenye benchi ya pansema palikuwa na mzee mmoja mfugaji aliyeteremshwa kutoka milima ya Bijombo. Tulimwita Mzee Bijombo, alilalamika juu ya kila kitu: joto la Uvira, maziwa ya Uvira, samaki, kelele, wauguzi, Mungu. Alikuwa na kadaftari anakoandika majina ya ng'ombe wake ili asiyasahau, na wakati wa kungoja alikuwa anayasoma kwa sauti kama hesabu ya darasa. Yeye peke yake hakusogea kwa harufu yangu. Alisema amelala na ng'ombe maisha yote, mimi ni nani.

Asubuhi ile ya tano nikamwambia, "Mzee, niazime biki."

"Ya kuandika nini?"

"Barua."

Akaangalia mguu wangu ulio wazi, akaangalia ule mstari wa bluu uliofifia kwa kuoshwa. Halafu akapandisha suruali yake upande wa kuume. Hapakuwa na kitu. Mguu uliishia katikati ya paja.

"Barua hiyo hata minye niliandika," akasema. "Dokta alichora hapa." Akaonyesha hewani, chini, mahali ambapo ugoko wake ungekuwa. "Niliona weusi iko nafika. Nikafuta na mate, nikachora ingine juu kidogo. Mara mbili. Ye alikuwa anaangalia mustari, anasema iko muzuri, tungoje. Minye nacheka ndani ya roho, nasema nimemushinda. Siku alishituka, ilikuwa imepita goti."

Nilijisikia kama mtu aliyekamatwa na mkono ndani ya chungu cha jirani.

"Kamata," akasema, akanipa biki. "Iko na wino mingi. Utachora mpaka kiuno."

Nilimchukia mzee yule kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, labda ishirini. Kisha nikasimama, nikajikongoja mpaka mlangoni kwa Mama Zawadi, nikamwambia alete karatasi.

"Bwana yako amerudi?"

"Bwana yangu iko na vidole vyake. Lete karatasi."

Nikatia sahihi kwa biki ya Mzee Bijombo, jina langu lote, pamoja na jina la baba yangu, herufi kubwa. Walinikata mchana ule.

Nilipoamka niliuliza goti. Sikuuliza kitu kingine. Mama Zawadi akauchukua mkono wangu akauweka juu ya goti langu, kisha akaushusha, ugoko, kifundo, kisigino, mpaka mkono ukakuta kitambaa kinene na hapakuwa na mbele. Nililia. Sijui kama ni kwa vilivyokwenda ao kwa vilivyobaki, na sikuona haja ya kuchagua.

Mvua za kwanza zilinikuta bado nakwenda pansema kila siku. Zilipokuwa nyingi, barabara ikawa mto, nikaenda kila siku mbili. Vidole visivyokuwepo vilikuwa vinawasha, hasa kile kikubwa, nikawa nakuna shuka. Nilijifunza kutembea upya kwa kisigino, nikishika ukuta na mabega ya watu. Mzee Bijombo alirudi milimani siku barabara ilipofunguka. Kabla ya kuondoka alitumiwa maziwa ya kwao ndani ya bido la plastiki, akanimiminia kikombe, akanisimamia nimalize, akalalamika kwamba ninakunywa polepole. Biki hakutaka nimrudishie. Sijui kama alifika.

Papa Riziki alirudi nikiwa nimeshakatwa, na mkate na macho mekundu. Sijamsamehe zile siku tano, na nimemwambia. Lakini ameosha mguu ule kila asubuhi tangu nilipotoka hopitali, na maji ya moto, na ametengeneza kiti cha kunisaidia kupika nimekaa. Mamamkwe anasema ni maombi yaliyobakiza goti. Simjibu tena. Ninampa sahani.

Baada ya mvua kuisha patroni alinitumia mtu. Katika miezi yote ile hakuwa amefika hopitali hata mara moja, na hopitali iko njiani kwake. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuona kama bado ana uso. Nilimkuta amesimama mlangoni, penye pakavu, amenitengenezea sherehe ndogo. Wenzangu wamesimamishwa mstari ndani ya mabote yao. Mwenye kupiga foto amewekwa tayari.

"Mama Riziki!" akapaza sauti. "Safari hii nilifikiria weye. Angalia!" Akafungua nailoni, akatoa mabote mapya, akayageuza nisome chini. Thelathini na nane.

Nilikaa ukingoni mwa mtumbwi, nikavaa. Mguu wa kuume ukaingia vizuri, sitadanganya, ukakaa kama umepimwa. Ndipo nikajua jinsi bote linavyotakiwa kukaa. Kisha nikavaa la kushoto. Kisigino kikagusa nyuma, na mbele pote palibaki patupu. Nilipokanyaga, pua ya bote ikapinda juu ikiwa haina mtu ndani.

Wote waliona. Patroni aliona. Macho yake yakazunguka hangari, yakatafuta, yakakuta lundo pembeni. Akaenda mpaka pale, akainama, mkono wake msafi ukachukua konzi moja ya nyasi kavu, akaniletea.

"Haiko kitu, mama," akasema. "Weka kidogo mbele."

Nikavua bote. Nikavua soksi na kitambaa. Nikainua mguu, nikauweka juu ya sanduku la chupa mbele yake, karibu na suruali yake, ukiwa wazi, na mshono wake, na ule mwisho wake wa mviringo.

"Weka weye," nikamwambia.

Hakuweka. Alisimama na nyasi mkononi, hajui azirudishe ao azitupe, na mwenye foto akashusha mashine yake. Nilimwangalia bila haraka. Kwa mara ya kwanza maji ya sakafu yalikuwa yanaingia ndani ya viatu vyake, na hakutambua.

Nyuma yangu nikasikia mtu anakaa kwa kishindo ukingoni mwa mtumbwi. Halafu mwingine. Wenzangu walikuwa wanavua mabote, mmoja baada ya mwingine, wanaingiza mikono mpaka ndani kabisa na kuvuta nyasi, wanazimwaga sakafuni mbele ya patroni. Nikainama nikazishika. Zote zilikuwa zimelowa.